Kalenda ya kuchana yenye historia ya kila siku, uzoefu wangu saluni

Hii kalenda nilichukua steshenari moja hapa Mwanjelwa kwa buku tano mwaka ulivyoanza, nikaitundika pembeni ya kioo pale ninaponyolea, sasa zimebaki karatasi chache ndo nikaona niseme ukweli kwa wanaotaka ya mwaka ujao.

Iko hivi, kila siku na karatasi yake, juu tarehe kubwa, chini mistari miwili mitatu ya kilichotokea siku hiyo hapa nchini. Nyingi za kawaida tu. Ila ya 9 Disemba ndo imenifanya niikubali, maana kalenda zingine wanaandika Uhuru 1961 wanaishia hapo, hii wameweka miaka miwili, 1961 Tanganyika inapata uhuru na Nyirenda anapandisha mwenge Kilimanjaro, alafu 1962 tarehe hiyohiyo tunakuwa jamhuri, Nyerere anakuwa rais. Aisee palichimbika. Dogo mmoja akauliza, sasa mzee wangu huo mwaka wa katikati mkuu wa nchi alikuwa nani? Mzee yuko kwenye kiti, povu limejaa kidevuni, akamjibu, Malkia Elizabeth mwanangu, hapa akiwakilishwa na gavana mkuu Turnbull, na waziri mkuu alikuwa Kawawa sababu Nyerere alijiuzulu Januari 1962 akaenda kukijenga chama. Dogo akagugo hapohapo, akawa mpole.

Ubaya sasa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini wametupunja kabisa. Nimeingoja 17 Agosti nione vita vya Lugalo 1891, Mkwawa chifu wa Wahehe alivyowapiga Wajerumani na kamanda wao Zelewski akafia hapo, nakuta methali! 19 Juni nayo, siku fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga mwaka 1954, hakuna kitu, hadi mteja wangu mmoja Mnyalukolo, yaani Mhehe, akaomba kalamu akajazia mwenyewe.

Alafu karatasi ni nyepesi na zile pini za juu zimebanwa ovyo, ukivuta kwa haraka zinatoka tatu pamoja, mi tarehe 5 Julai nilichana mpaka Saba Saba.

Kwa buku tano chukua, wakikwambia zaidi ya hapo achana nayo. Na kama wewe ni wa kuandika madeni ya wateja kwenye kalenda nunua ile ya kawaida ya miezi, hii haina nafasi.