Kuotesha usaha Kigoma mjini: sahani safi, kijiti hovyo

Mwenye kidonda kisichopona aende kwenye maabara hii binafsi ya Mwanga kabla ya kununua dozi ya pili ya Ampiclox. Wanaotesha usaha, wanatambua bakteria aliyemo, kisha wanampima kwa dawa mbalimbali.

Kazi ya sahani wanaiweza. Bakteria wanapakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton (chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli) yenye kina cha milimita 4, vidiski vya karatasi vyenye dawa vinabandikwa juu, sahani inakaa kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Asubuhi wanapima kwa rula upana wa duara linalozunguka kila kidiski ambamo hakikuota kitu. Kwa Staphylococcus aureus, bakteria wa kawaida wa vidonda, wanatumia kidiski cha antibayotiki ya sefoksitini ya mikrogramu 30: duara likiwa milimita 21 au pungufu, huyo ni MRSA, yaani aina sugu ya bakteria huyo, na hapo Ampiclox na hata sindano za seftriaksoni ni kupoteza hela. Majibu yao yanalisema hilo waziwazi. Pia wanajipima kwa E. coli ya udhibiti, ATCC 25922, bakteria ambaye vipimo vyake sahihi vinajulikana, na bila hiyo milimita hazina maana yoyote.

Wanakoharibu ni chumba cha sampuli. Kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli kinapitishwa juujuu kwenye usaha uliolala, basi wanaoota ni wadudu wa ngozi, na mgonjwa anapewa dawa ya mdudu asiyemsumbua. Inasikitisha, maana kurekebisha ni rahisi: kidonda kioshwe kwanza kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, si kwa spiriti wala ayodini, usaha na utando utoke. Kisha kijiti kigandamizwe kwenye nyama hai, kizungushwe eneo la sentimita 1 ya mraba kwa sekunde 5 mpaka majimaji ya ndani yapande. Sampuli za kutoka Kasulu ziwekwe kwenye chupa ya Amies, yenye kitu cha kuwahifadhi bakteria hai njiani. Kijiti kikavu kinaweza kufika bakteria wengi wamekufa.

Kasoro nyingine: wanaweka ampisilini kwenye orodha ya dawa za kumpima Pseudomonas, bakteria mwingine wa vidonda. Bakteria huyo kwa asili hasikii dawa hiyo.

Majibu ni siku 2 hadi 3. Mwenye homa, au wekundu unaopanda mguu, asiyasubiri. Aende hospitali siku hiyohiyo. Sampuli itolewe kabla ya kuanza antibayotiki. Aliyekwisha kumeza aandike jina la dawa na siku aliyomeza mara ya mwisho pembeni mwa fomu, kwa kuwa fomu yao haiulizi.