Kamera ya kupigia wanyama Zanzibar: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Mgeni mmoja aliingia msitu wa Jozani, Unguja, na lenzi ya milimita 600, nene kama mchi. Kima punju wakaja kama kawaida yao, mmoja akakaa kwenye tawi hatua nne kutoka njiani akawa anatafuna majani. Yule bwana akarudi nyuma, akarudi tena, mgongo ukagota mti, na kila akitazama anapata sikio na nusu ya jicho. Mimi na kilenzi changu cha plastiki nilikuwa nishamaliza, mpaka mkono umo ndani ya picha, ule mkono usio na kidole gumba unaoshika tawi kama kulabu.

Nakumbuka kisa hicho kila nikimaliza kupiga harusi na kijana akanivuta pembeni: "Yakhe, nataka kupiga wanyama, ninunue nini?" Wengi wanaanza kwa kuuliza lenzi inayovuta mbali. Hapa Unguja na Pemba hiyo si shida yetu kubwa. Shida yetu ni giza la msituni na unyevu. Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa chini haufanani na wa mtu anayejiandaa kwenda Serengeti.

Ya kwanza: DSLR (kamera yenye kioo ndani, inayobadilishwa lenzi) iliyotumika na lenzi ya milimita 55-250

Bodi, yaani kamera yenyewe bila ya lenzi, ya Canon 700D au 750D yenye lenzi ya 55-250 STM, au Nikon D5600 na 70-300 yake. Watu wanahamia kamera zisizo na kioo, kwa hiyo hizi zinauzwa kwa bei ambayo zamani ungepatia betri na mkanda tu. Sensa ya Canon hizo ni ndogo, inazidisha urefu mara 1.6, kwa hiyo 250 inakupa mtazamo wa 400. Lenzi yenyewe haifiki gramu 400, unaivaa shingoni kutwa nzima husikii kitu, na inashika fokasi kuanzia sentimita 85. Kinyonga akikaa kwenye kijiti usawa wa kifua, unampata bila ya kurudi nyuma hata hatua.

Popo wa Kidike, Pemba, nao inawatosha. Hawa ni popo wakubwa wanaopatikana Pemba tu, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita moja, na mchana wananing'inia juu ya miti mirefu kama maembe yaliyosahauliwa. Kosa la wengi ni kuiachia kamera ijiamulie: inaona mbingu nyeupe, inapunguza mwanga, popo anatoka kama kipande cha mkaa. Ongeza mwanga kwa hatua moja na nusu kwenye ile alama ya +/- ya kamera, hapo utaona manyoya yake yalivyo mekundu. Kwa kima punju ndani ya kivuli ni kinyume chake. Uso wake mweusi unaifanya kamera iongeze mwanga, na ule ushungi mweupe wa kichwani unaungua. Punguza kidogo.

Udhaifu wa seti hii ni kwamba ukivuta mpaka 250 tundu la lenzi linabana mpaka f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Asubuhi chini ya miti ya Jozani utalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, mpaka 1600 au 3200, na ukipita hapo picha inakuwa chenga. Bado naiweka mbele ya zote, kwa sababu pesa inayobaki inakununulia kile kioo kidogo cha kukuza cha Raynox DCR-250 kinachobanwa mbele ya lenzi. Ukishakibana, fokasi inakuja kiasi cha sentimita 12 kutoka kwenye kioo, na jongoo, buibui na vyura wa kwenye migomba wanajaa picha nzima. Kumshika katika fokasi ni kwa kusogeza mwili wako mbele na nyuma, taratibu, huku umezuia pumzi. Mwanzo utatupa picha 30 upate moja.

Ya pili: lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), milimita 90 au 100, f/2.8

Hii nusura niiweke ya kwanza. Tamron 90 au Canon 100 inampiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, na f/2.8 inaingiza mwanga mara tano ya ile f/6.3 ya lenzi ndefu kama 150-600 ya hapa chini. Pale Jozani, kima akiwa amekaa karibu, milimita 100 juu ya sensa ndogo inatosha kabisa, na nyuma yake msitu unayeyuka kuwa rangi ya kijani tu. Mwisho wa wiki unampigia bibi harusi hina ya mikononi, lenzi inajilipa. Kinachoniangusha ni kwamba popo wa juu, ndege na komba wa usiku hawafikiki, kwa hiyo ukiwa na hii peke yake utarudi kutoka Pemba na picha za miti.

Ya tatu: kamera ya kila kitu kwa pamoja

Kwa waongoza wageni, ambao mkono mmoja umeshika tochi na mwingine unaonyesha ndege, naishauri Panasonic FZ300 kuliko DSLR. Inaanza 25 mpaka 600 na inabaki f/2.8 njia yote, tena imezibwa dhidi ya vumbi na michirizi ya maji, jambo la maana ukiwa ndani ya mashua unakwenda kisiwa cha Misali au Chumbe. Sensa yake ni ndogo mno, ikiingia jioni imekwisha. Kaa wa minazi wa Chumbe, ambao hutoka usiku, utawapata kwa tochi ya mwenzako tu.

Ya nne: 150-600

Sigma na Tamron wanazo, zinakaribia kilo mbili, na bei yake unapata Vespa ya mtumba inayotembea. Kama una safari ya bara, Mikumi, Nyerere au Serengeti, ambako simba amelala mita 80 kutoka kwenye gari na huruhusiwi kushuka, basi ndiyo lenzi yenyewe, na mfuko wa mchele dirishani unatosha kuwa egemeo. Lakini kama safari hiyo ni moja kwa miaka mitatu, iazime. Kwa Zanzibar itakutumikia kwa ndege wa ufukweni, Chwaka maji yakitoka, na si zaidi.

Ya tano: zile zinazovuta mara 125

Nikon P1000 inafika milimita 3000. Dukani muuzaji atakuonyesha herufi za bango la ng'ambo ya barabara na utatoa pesa mwenyewe bila ya kulazimishwa. Ila ikivutwa mpaka mwisho tundu lake ni f/8, na kwa hewa yetu ya joto na chumvi, kitu cha mbali kinatetemeka kama kimo ndani ya maji. Kwa kupiga mwezi, sawa.

Simu sikuipa nafasi kwa sababu unayo tayari. Kobe wa kisiwa cha Changuu, ambao asili yao ni Shelisheli, wanasimama wenyewe mpaka unachoka. Simu yatosha.

Sasa la muhimu kuliko jina la kamera, ambalo mimi nililijua kwa hasara. Lenzi yangu ya kwanza ya makro niliinunua kwa mtu usiku, chini ya taa ya duka, ikiwa inang'ara. Baada ya wiki mbili kila picha ya mchana ilikuwa kama imepigwa nyuma ya chandarua. Fundi akaimulika, ndani mna nyuzi nyeupe zimetandaa kama mizizi: kuvu. Muuzaji simu hakupokea tena.

Kwa hiyo nenda dukani na tochi. Vua vifuniko vyote viwili, mulika kutokea nyuma kwa pembeni, tazama kutokea mbele. Vumbi kidogo si neno, nyuzi au utando usiukubali hata ukipunguziwa bei, kwani huo unakua. Kwenye bodi, uliza shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga picha, imepiga mara ngapi. Hizi za bei nafuu zimepimwa kwa picha 100,000 hivi, na kamera iliyotoka kwetu wapiga harusi inaweza kuwa imeshazimaliza, nakwambia wazi. Ukiipata nzuri, iweke ndani ya dishi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, khasa masika. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kwanza nusu saa ndani ya begi lililofungwa, ndipo uitoe begini.