Mafunzo ya kutawala hisia hapa Dodoma: yanafaa, ila tangazo lao limezidisha

Elfu themanini kwa wiki nane, kila Jumamosi alasiri. Kwa wakala wa miamala ya simu mwenye kibanda Majengo hiyo si hela ya mchezo, kwa hiyo naanza na jibu: mafunzo haya yanastahili pesa yake. Hasa kwa sisi tunaoshinda na watu dirishani, yaani mawakala, wauguzi, makondakta, dada wa mapokezi. Ila kuna mambo lazima wayarekebishe, na moja ni zito.

Usidhani ni semina ya kuhamasishana. Ni ujuzi unaofundishwa na kurudiwa mpaka mwili uuzoee. Sehemu kubwa imetoka kwenye tiba aliyoibuni Marsha Linehan wa Marekani, ambaye mwongozo wake ulichapishwa 1993. Yeye aliitengeneza kwa ajili ya watu waliokuwa wakijidhuru na kutaka kujiua. Baadaye ujuzi uleule ukaanza kufundishwa kwa watu wenye shida nyingine pia. Kuna mafungu manne: kuwa makini na kinachoendelea ndani yako sasa hivi, kustahimili dhiki bila kuiongezea nyingine, kutawala hisia, na kuelewana na watu bila kujishusha.

Somo lililonigusa kuliko yote ni la kumeza hasira. Tumelelewa kwa "jikaze" na "vumilia", na kwenye kazi yetu ukitukanwa ukanyamaza na uso mkavu unahesabika umeshinda. Mwalimu akatueleza utafiti wa James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa 1998. Watu walioneshwa filamu za kuchukiza, za matibabu na kukatwa kiungo. Walioambiwa wafiche hisia zao walificha kweli, usoni hukuona kitu, lakini karaha ilibaki palepale na mishipa ya damu ikazidi kubana. Walioambiwa waitazame filamu kwa jicho la kitaalamu, kama jambo lisilowahusu, karaha yenyewe ilipungua. Darasa zima likakaa kimya. Mama mmoja muuza mbogamboga akauliza, "Kwa hiyo huu uvumilivu wetu wa miaka yote unakwenda wapi?" Mwalimu akamjibu, "Unakwenda mwilini, mama." Jibu hilo peke yake lilinitosha ada yangu.

Wanachofanya vizuri sana ni mazoezi ya vitendo. Siku yangu ilipofika nikapewa kijana mmoja aigize mteja aliyekosea namba akatuma hela kwa mtu asiyemjua. Aliifanya hasa. Alipiga meza, akasema, "Mama, umenilia hela yangu, nirudishie sasa hivi!" Mwalimu akasimama kando yangu na kunielekeza: usijibu kwanza, shusha mabega, vuta pumzi, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta, halafu sema unachoweza kufanya. Tulirudia mpaka sauti yangu ikaacha kupanda. Sasa hivi dirishani nasema, "Kaka, usitumie hela nyingine, tupige huduma kwa wateja sasa hivi tuombe muamala uzuiwe," na naisema kwa sauti yangu ya kawaida. Anayelia kwa sababu ya ada ya shule ya mtoto iliyopotelea kwenye simu hanitukani mimi; ana hofu. Kumwona hivyo kunabadilisha kila kitu.

Kuna na zoezi la maji ya barafu. Unazamisha uso kwenye beseni umebana pumzi kwa sekunde chache, na mapigo ya moyo yanapungua. Ndivyo mwili wa binadamu ulivyo ukiingia maji ya baridi. Kabla ya zoezi mwalimu aliuliza mmoja mmoja nani ana presha au tatizo la moyo, na waliokuwa nalo hakuwaruhusu. Hilo nimempenda. Wenye hijabu na wenye nywele za kubandika walipewa mfuko wa barafu uliofungwa kitambaa waweke machoni na mashavuni, inatosha. Kibandani nina chupa ya maji ya baridi kwa kazi hiyohiyo.

Kadi ya kila siku, ambapo unaandika hisia na kuipa alama kuanzia sifuri hadi tano, naiweka ndani ya daftari la floti, yaani hela ya kuendeshea miamala. Imenionesha kwamba hasira zangu nyingi zinakuja mchana sijala.

Sasa kasoro. Makaratasi wanayogawa yana mifano isiyotuhusu: ndege imechelewa, bosi hajajibu barua pepe. Mwalimu alikuwa akibadilisha papo hapo akaweka daladala ya Nkuhungu na kikoba, lakini ukirudi nyumbani na karatasi unakutana na ndege tena. Somo la kulitazama jambo upya, ambalo ndilo kiini, lilipewa Jumamosi moja tu.

Lililo zito ni tangazo. Wameandika "tiba kamili". Si kweli. Programu yenyewe ya Linehan huchukua miezi mingi, ina kundi la kila wiki, kikao cha mtu na mtaalamu wake peke yao, na simu ya kuomba msaada katikati ya wiki. Hapa kuna kundi tu. Jumamosi moja mshiriki aliyefiwa alilia hadi akatoka nje, na hapakuwa na mtu wa pili wa kumfuata. Mimi na yule mama wa mboga ndio tuliokwenda kukaa naye. Darasa la namna hii lazima liwe na wataalamu wawili, na liwaambie watu waziwazi tangu siku ya kwanza: ukiwa na mawazo ya kujiua au kilio kisichokatika, nenda hospitali. Tena sisi wa Dodoma Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapahapa. Mtu aende bila aibu, kama anavyokwenda kupima malaria.

Ada wanapokea kwa awamu mbili, ila usisubiri wakwambie, uliza. Chumba kina joto na feni ni moja, kaeni upande wa dirisha. Na kama unaweza, nenda na mtu wa nyumbani kwako. Mume wangu alijiunga wiki ya pili, na mazoezi tunayafanya pamoja.