Makumbusho ya Reli, Nairobi: nenda na mtu anayeuliza

Mimi ni fundi wa magari kule Grogan, kwa hiyo mtanivumilia nikizungumzia chuma kabla ya huduma. Makumbusho ya Reli yako jirani na stesheni kuu ya Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka steji ya Railways, na yamekuwepo tangu 1971. Watu chungu nzima hupita upande ule kila jioni wakikimbilia matatu za Rongai, na ukiwauliza kuna nini huko ndani watakwambia ni treni za zamani. Ni kweli. Sasa muulize huyo huyo treni ya zamani ilikuwa inapandaje kutoka Mombasa hadi huku juu, uone kama hatakumbuka ghafla kwamba matatu yake imejaa.

Nilienda Jumapili na binti anayejifunza kazi kwangu. Nitasema kidogo habari zake, maana bila yeye ningeandika kwamba mahali ni pazuri, leteni watoto, kwaheri. Nilimchukua gereji kwa sababu ya swali. Siku aliyokuja kuomba kazi tulikuwa tumeinua Probox kwa jeki upande wa nyuma. Badala ya kunitajia alama zake za kidato cha nne, akaniuliza kwa nini mawe tumeyaweka kwenye magurudumu ya mbele ilhali kazi iko nyuma. Vijana waliomtangulia walikuwa na vyeti vya ufundi na hawakuyaona hayo mawe. Wanaojua kufungua gari ni wengi mjini hapa. Anayeuliza kabla ya kufungua ni adimu, na kwa bei ya spea za siku hizi, huyo ndiye anayeniokolea pesa.

Tukaanza nje, kwenye injini zenyewe. Kitu cha kukutoa macho ni Mount Gelai, namba 5918, jitu la rangi ya damu ya mzee. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa kazi ya kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania. Uzito wake ni tani 252 hivi, urefu wake unapita mita 31, na kati ya injini za mvuke zilizotembea kwenye reli ya upana wa mita moja hakuna zilizokuwa na nguvu kuzishinda hizi.

Hizo ndizo habari ambazo mtu wa kawaida angezisoma, akapiga picha, akaendelea. Yule binti alianza kuhesabu magurudumu. Kumi na manne upande huu wa mbele, kumi na manne nyuma, jumla 28, yaani ekseli 14. Akagawanya kwa simu: tani 252 kwa ekseli 14, wastani wa tani 18 kila moja. "Fundi, kumbe uzito wote huu wameusambaza tu." Ndipo swali likazaliwa: kama unaweza kuongeza ekseli unavyotaka, kwa nini wasitengeneze fremu moja ndefu iliyonyooka, wakamalizana nayo? Kwa nini wakaikata vipande?

Mhudumu aliyekuwa anatutembeza alinifurahisha hapo. Hakujibu. Alimwonyesha reli kwa mkono, akamuuliza: "Umewahi kupanda treni kwenda Mombasa? Njia ya zamani imenyooka?" Basi wakaanza kujadiliana. Njia ile inatoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 hapa Nairobi, kwa mwendo wa kilomita kama 500, na waliojenga hawakuwa na pesa ya kupasua kila kilima, kwa hiyo ilipita ikijipinda. Fremu ndefu ya chuma isiyokunjika ingefika kwenye kona na kusukuma reli nje ama yenyewe kuruka. Suluhisho lilitoka kwa Mwingereza aliyeitwa Herbert William Garratt, mwanzoni mwa karne ya 20: chukua seti mbili za injini, moja mbele moja nyuma, kila moja na magurudumu na silinda zake, halafu katikati ning'iniza boila la kuchemshia maji kama machela kati ya wabebaji wawili. Kila seti inageuka peke yake kwenye kona. Na kwa vile chini ya boila hakuna magurudumu, tanuri la moto linaweza kuwa pana na la kina, ndiyo sababu lile dude lilipata mvuke wa kutosha kupanda na mzigo.

Mimi nilikuwa nimeridhika. Binti, la. "Lakini mvuke unatoka kwenye boila unaenda kwenye silinda, na silinda ziko kwenye kile kipande kinachogeuka. Bomba linapitaje pale kwenye kiungo bila kuvuja?"

Hilo swali, wasomaji, ndilo lililolipia tiketi zote mbili. Mhudumu akarudisha tena: "Wewe ungefanyaje?" Akasema angeweka mpira, kama hosi ya breki. Akaambiwa mvuke wa joto lile utaula huo mpira kabla hujafika Athi River. Akanyamaza. Akazunguka injini. Aliporudi alikuwa ananiangalia mimi, si mhudumu: "Bolijointi?"

Ndiyo, bolijointi. Mwisho wa bomba una tufe la chuma linalokaa ndani ya kikombe, na katikati kuna kizibo cha kuzuia mvuke usivuje, na kiungo chenyewe kimewekwa karibu na mahali seti inapogeukia ili mwendo wake uwe mdogo. Huyu binti alikuwa amebadilisha bolijointi za mbele za Vitz wiki hiyo hiyo. Mkono wake ulikuwa unakijua kitu ambacho kichwa kilikuwa bado kinakitafuta, na kama yule mhudumu angekuwa na haraka ya kumwaga jibu, hivyo viwili visingekutana.

Nimewahi kutembezwa sehemu nyingine, sitaitaja, na kijana aliyekariri maelezo kiasi kwamba ukimkatiza na swali anarudi kuanza sentensi yake upya. Tulitoka huko na miaka mingi sana kichwani na hakuna hata mmoja tulioukumbuka kesho yake.

Mteja wangu mmoja anayefundisha saikolojia chuo kikuu (ana Subaru yenye gasketi ya kichwa isiyotulia, kwa hiyo tunaonana mara nyingi) alinieleza jambo ambalo nimeliona kwa macho gerejini. Mwaka 2002, watafiti wawili wa Yale kule Marekani, Leonid Rozenblit na Frank Keil, waliwaomba watu wajipe alama: unaelewa kiasi gani jinsi zipu inavyofanya kazi, ama choo cha kuflashi? Watu wakajipa alama za kujiamini. Kisha wakaambiwa waeleze hatua kwa hatua, na baadaye wajipe alama tena. Alama zikashuka. Nikamwambia mwalimu, njoo Grogan uulize madereva jinsi klachi inavyoshika, utapata matokeo hayo hayo bila kuandika karatasi. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba hakuna aliyewaita wajinga. Waliombwa tu waeleze, wakaona wenyewe pengo liko wapi. Ndiyo kazi anayoifanya mhudumu mzuri anapokuuliza "wewe ungefanyaje".

Tukaenda kwenye behewa namba 12. Hili watu wengi hulijia kwa hadithi ya simba, na wengi huichanganya. Simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli ni habari ya 1898. Wale wawili walipigwa risasi Desemba mwaka huo, na leo wako kwenye makumbusho huko Chicago. Behewa hili ni la Juni 1900, stesheni ya Kima, upande wa Makueni wa sasa. Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alilala humo na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakimvizia simba aliyekuwa anasumbua stesheni. Ryall alikuwa zamu, usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, mlango ukajifunga nyuma yake, naye akatoka dirishani na Ryall.

Familia iliyokuwa mbele yetu iliuliza kama damu ilibaki. Sawa, watoto ni watoto. Binti wangu akauliza mlango ulijifungaje. Simba hafungi mlango. Inasimuliwa kwamba behewa halikuwa limekaa sawa kwenye reli, na uzito wa mnyama ulipoingia likaegemea upande mmoja, mlango ukateleza wenyewe. Basi yeye na mhudumu wakainama wote wawili kuchungulia mlango, wakibishana simba ana kilo ngapi. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni kama kitu cha kutisha. Sikuwahi kuiona kama tatizo la uzito na mteremko, na sasa naiogopa zaidi, kwa sababu naiona ikitokea.

Ukumbi wa ndani nitaupita haraka: simu na mitambo ya telegrafu, vyombo vya mezani vya enzi za mabehewa ya mlo, picha nyingi. Kama unapenda skrini za kugusa na sauti za simba kwenye spika, hapa si kwako. Kwangu lilizuka swali moja tu la maana humo, kwa nini reli ya kwanza ilikuwa ya mita moja na SGR, ile reli mpya ya 2017, ni ya milimita 1,435. Jibu la ile ya kwanza ni India: ndiko kulikotoka mafundi, vifaa na injini za mwanzo, na huko reli za mita moja zilikuwa nyingi. Ukishajua hilo unaanza kuangalia chapati ya kibandani kwa jicho jingine, lakini tusitoke nje ya mada.

Kuna anayeweza kusema huyu fundi anatathmini binti, si makumbusho. Labda. Lakini nimeona faida tuliporudi kazini. Mama mmoja alileta Fielder akisema inapiga kelele mbele. Vijana wangu wawili walikuwa tayari wameshika spana. Binti akamwendea: "Mama, inalia ukikata kona ama hata ukienda moja kwa moja? Kona ya kulia ama ya kushoto? Ukikanyaga mafuta inazidi?" Mama hakuwa amewahi kujiuliza. Akarudi barabarani, akazunguka mtaa, akaja na jibu: kona ya kulia, akikanyaga. Tukaangalia CV jointi ya kushoto, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu hata likikata kona, na ndiyo iliyokuwa imekwisha. Yule mama alilipa akiwa anacheka, akasema mafundi huwa wanamwambia, hawamuulizi.

Udadisi una mipaka yake, bila shaka. Nimemkataza kuwauliza wateja walinunua gari kwa bei gani. Na sisi wakubwa nasi tujiangalie. Tunasema kuuliza si ujinga, kisha mtoto akiuliza mara ya tatu tunamtuma dukani.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda: injini ziko nje, kwa hiyo beba kofia na maji, na uende asubuhi kabla chuma hakijashika joto la jua. Vaa suruali na viatu vya kupandia ngazi, na usivae nguo nyeupe. Mwombe mhudumu akutembeze, kisha mwambie mapema kwamba una muda. Watoto wa chini ya miaka sita watachoka kwenye ukumbi wa ndani, waanzishe nje. Kwa fundi yeyote wa magari, pikipiki ama hata cherehani, nenda moja kwa moja kwenye Mount Gelai na uchuchumae uangalie chini. Ukiona vibomba vyembamba vinavyoshuka hadi mbele ya magurudumu makubwa, hivyo ni vya mchanga, wa kuzuia gurudumu lisiteleze kwenye reli yenye maji. Mchanga ule uliwezaje kubaki mkavu msimu wa masika, muulizeni mhudumu. Sisi muda ulituishia.