sngrep: unaona simu ya intaneti inavyoanza mpaka inavyokatwa

Kama wewe ndo unaangalia simu za intaneti za ofisi au za wateja, yani kila simu ikikatika unaulizwa wewe, hii programu iweke leoleo. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux ndani ya terminali ya kawaida, unaingia kwenye seva ukiwa mbali kwa SSH unaiwasha kwa sudo, yani kwa ruhusa za msimamizi, unaona simu zinaingia moja moja kila moja na mstari wake, nani kapiga, kampigia nani na imefikia wapi: IN CALL, COMPLETED, CANCELLED, BUSY.

Utamu wenyewe uko ukibonyeza Enter juu ya simu. Inakuchorea mishale ya meseji zote za SIP, yani lugha ya vifaa kuanzisha na kukata simu, kwa mpangilio na muda wake. Inaanza INVITE, yani ombi la simu, humo mpigaji anasema sauti aletewe anwani gani na poti gani na kodeki gani (njia za kubana sauti) anaziweza. Inarudi 100 kwamba nimeipata usirudie, alafu 180 yani huku inaita, mtu akipokea inarudi 200 OK na mpigaji anathibitisha kwa ACK. Sauti haipiti humo, inaenda kivyake kwa RTP, yani njia ya kubeba sauti yenyewe. Kukata ni BYE na 200 OK yake, basi. BYE anaweza kutuma yeyote, so ule ubishi wa nani kamkatia nani unaisha palepale, angalia tu mshale umetokea upande gani. Mpigaji akikata kabla haijapokelewa hiyo ni CANCEL, na ile INVITE inajibiwa 487, yani ombi limesitishwa.

Ila mimi naipendea zaidi kwa lile tatizo la simu kukatika sekunde ya 32. Mnaongea vizuri kabisa, ikifika hapo chali, kila simu. Watu wanalaumu bando, wanabadilisha vifaa, wanagombana na fundi. Fungua hapa utaiona 200 OK inatumwa, inatumwa tena baada ya nusu sekunde, alafu moja, mbili, nne, na ACK haiji. Aliyepokea anaisubiri nusu sekunde mara 64, ndo hizo 32, akiikosa anatuma BYE mwenyewe. Shuka mpaka kwenye ile 200 OK, maandishi yake yanatokea pembeni, soma mstari wa Contact, ndo unaosema ACK ipelekwe wapi. Mara nyingi utakuta anwani ya ndani, 192.168 na kuendelea, sasa mtu aliye nje atapeleka wapi hiyo ACK? Zima SIP ALG kwenye ruta, ile sehemu inayochezea meseji za SIP zikipita, na seva iambie anwani yake ya nje ni ipi. Kuona chanzo cha ugomvi wote kwenye mstari mmoja hivyo kwa kweli inafurahisha sana.

Sauti haikuchezei. Kama shida ni sauti kukwaruza au kusikika upande mmoja, iwashe na -r ichukue na RTP, hifadhi kwa F2 ukasikilize kwenye Wireshark, programu nyingine ya kuchunguza mtandao. Na simu zinazopita kwa TLS, zile za poti 5061, mara nyingi hutaona kitu maana zimefungwa kwa siri.

Kingine, iwashe kabla mteja hajapiga tena. Simu ya jana haitakuonyesha kama hakuna aliyeihifadhi.