Poaa ya Bamba Pana: miezi miwili kwenye cherehani

Niseme mapema, Poaa ni albamu ya singeli, na mimi ni mtu wa taarab. Nina kibanda cha ushonaji Magomeni, nina wasichana wawili wanaojifunza kazi kwangu, na redio yangu kwa miaka haikuhama kwenye taarab na rusha roho. Singeli, huu muziki wa kasi wa vijana wa Dar, kwangu ilikuwa kelele ya kigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha: inaanza usiku kwenye turubai la jirani, na alfajiri bado inapiga wakati wewe una magauni sita ya wasimamizi wa harusi ya kukabidhi saa mbili. Kwa hiyo asije mtu akanisoma akadhani ni shabiki wa siku nyingi. Nimeingilia mlango wa uani, na aliyenifungulia ni mtoto wa dada yangu.

Alikuja kukaa kwangu akisubiri chuo kifunguliwe. Siku ya tatu akachomeka simu yake kwenye spika ya kibandani. Nikamwambia azime hao mbu, nina mteja. Hakuzima, alipunguza tu.

"Mama mdogo, ngoma ziache zipite. Wewe fuata kinanda."

Nikamjibu kinanda kipi, mbona mimi nasikia bati linanyeshewa mvua. Lakini neno lake lilinikaa. Mchana, napinda pindo la pazia, mkono unafanya kazi yenyewe na kichwa hakina shughuli, nikajaribu kufanya alivyosema. Kinanda kilikuwepo kweli. Chini ya ile mvua ya bati kulikuwa na sauti ndogo, tamu, kama marimba ya mtoto, inazunguka taratibu wala haina habari na fujo inayoendelea juu yake.

Albamu yenyewe inaitwa Poaa, ya prodyuza Bamba Pana, ilitoka 2018. Imetoka mikononi mwa vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, na aliyeisambaza ni lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. (Ndiyo, hilo ndilo jina. Waganda wanaelewa hamu ya kucheza isiyozuilika; sisi tunaelewa tunavyoelewa. Nitalirudia mbele, maana lilinitia aibu.) Sehemu kubwa ni ala tupu. Mchanaji MC Makaveli anaingia mahali pachache na kumwaga maneno kwa kasi ya mnadani, kisha anatoka, na wewe unabaki na biti. Baadhi ya vipande havina hata jina la maana, ni "Biti" na namba ya Kiingereza mbele yake. Hilo lilinifurahisha. Na mimi daftari langu la vipimo limejaa "Gauni 3", "Gauni 7". Fundi hana muda wa kubatiza kila kitu.

Sasa kasi. Singeli kwa kawaida hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Ukichukua 240, hayo ni mapigo manne kila sekunde, na hapo hujahesabu vile vidogo vinavyopenya katikati. Mtu wa taarab akisikia hivyo anashika kichwa, na mimi nilishika. Kijana akanionyesha kitu kwenye kompyuta yake. Ana programu ya bure, Audacity, ambayo inaweza kupunguza mwendo bila kuifanya sauti iwe nzito kama ya mzee mwenye mafua. Akakishusha kipande kimoja hadi nusu.

Nilisimamisha cherehani. Ule mchoro wa kinanda ukatoka wazi: noti chache tu, zinapanda, zinakaa kidogo, zinashuka kwa kuteleza, zinaanza tena. Ningeapa kuna mtu anafungua taarab, zile dakika za mwanzo kabla mwimbaji hajashika maiki, watu wanarekebisha kanga na kutafuta noti za kutunza. Nikamwambia arudishe kasi yake. Akarudisha, na safari hii sikio likajua pa kushika. Tangu siku hiyo sijaweza kuirudisha kuwa kelele, hata nikitaka.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba sikuota. Singeli ilikulia humo humo kwenye taarab. Kwenye vigodoro DJ alikuwa anachukua ule ufunguzi wa taarab, anaurudiarudia, anauongeza mwendo, kijana anapokonya maiki na kuanza kuchana. Ukikimbiza sauti iliyorekodiwa bila kuirekebisha, inapanda juu vilevile, ndiyo maana kwenye singeli nyingi waimbaji wanasikika kama panya wamefungiwa kabatini. Na kabla ya hapo kulikuwa na mchiriku, huo nimeukuta mwenyewe miaka ya tisini: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika iliyochoka ambayo kukwaruza kwake kulikuwa sehemu ya muziki. Mama alikuwa anatufungia ndani ngoma hizo zikipita. Tulikuwa tunacheza humo humo ndani.

Lakini kilichoniteka hasa si historia. Ni kitu ninachokijua kwa mguu.

Ukikanyaga pedali ya cherehani ya umeme kwa upole, unasikia sindano moja moja: ta, ta, ta, ta. Ongeza kidogo, inakuwa mlio wa kukimbizana. Kanyaga zaidi, na kuna mahali, sijui nikueleze vipi kama hujawahi kukaa pale, zile ta-ta zinapotea na cherehani inaanza kuimba. Sauti moja, vuuu, na ukizidisha mguu inapanda, ukilegeza inashuka. Nimekaa kwenye hiyo sauti zaidi ya miaka ishirini bila kujiuliza ni nini. Kijana, ambaye kusoma fizikia kumemharibu, ndiye aliyenieleza kwamba migongano mifupi ikifika karibu 20 kwa sekunde, sikio linashindwa kuitenganisha na linaanza kuisikia kama noti. Tukachukua kalamu. Mapigo 300 kwa dakika ni matano kwa sekunde. Kila pigo likigawanywa mara nne, unapata 20 kamili. Yaani singeli ikikimbia mwisho wa uwezo wake, ngoma iko ukingoni mwa kugeuka kinanda. Huo ukingo ndio vijana hawa wanauchezea. Kwenye Poaa kuna mahali mlio wa ngoma unabanwa, unabanwa, hadi unakuwa kama uzi unaovutwa, halafu unaachiwa na ngoma moja moja zinarudi. Kila ukifika hapo mguu wangu unatafuta pedali.

Kitambaa nacho kinatembea taratibu sana chini ya sindano inayokimbia. Aliyezoea haangalii sindano hata kidogo, anaangalia kitambaa kinapokwenda. Ndivyo ninavyosikiliza sasa. Wachezaji nao, ukiwatazama vizuri, wanajua: kiuno kinafuata ngoma, lakini miguu inahama kwa mwendo wa nusu, wakati mwingine robo. Hakuna anayecheza kwa miguu mapigo manne ya sekunde hadi asubuhi, angekufa.

Kijana alipoona nimekubali, akazidisha. Akaniletea Waingereza wanaotengeneza muziki wa kompyuta. Kuna Aphex Twin, ambaye mwaka 1996 alitoa albamu yenye ngoma zinazoparuana na juu yake violini zimetulia kabisa, kama mtu anakunywa chai barazani huku watoto wanavunja vyombo jikoni. Kuna Squarepusher, mpiga gitaa la besi hodari, wa miaka hiyohiyo. Nilisikiliza kwa nia njema. Utamu upo, na ni utamu wa aina ileile, melodi ya polepole imepandishwa juu ya ngoma yenye wazimu. Tofauti niliyoisikia ni kwamba wale wanaivunja ngoma. Unaweka mguu, ngoma haipo. Unaisubiri upande huu, inatokea ule. Hiyo ni starehe ya kukaa kwenye kiti. Singeli haivunji. Inakanyaga pedali na haitoi mguu, na wewe unacheza juu yake bila wasiwasi wa kutumbukia.

Alinieleza pia kwamba ngoma nyingi za muziki wao wa kasi zilikatwa kutoka rekodi moja ya Marekani ya 1969, ya kundi la The Winstons, sekunde chache tu za mpiga ngoma Gregory Coleman. Zimekatwakatwa na kushonwa upya katika nyimbo zisizohesabika. Coleman mwenyewe alifariki 2006 akiwa hana makazi. Sikushona kwa muda baada ya kusikia hilo. Naijua hasira ya kuona mshono wako kwa fundi mwingine, na mimi angalau nililipwa ule wa kwanza.

Basi nikasema hii nainunua, sitaki nakala ya kupewa kwa simu. Hapo ndipo nilipochoka. Muziki umetengenezwa Mburahati, ambako kutoka kibandani kwangu ni bajaji moja, lakini kuulipia ilibidi nitafute kadi ya benki inayokubalika nje, nibadili shilingi ziwe fedha ya kigeni, nikatwe na makato ambayo hakuna aliyeweza kunieleza ni ya nini. Kadi ilikataa mara mbili. Nikaenda tawini kuuliza, nikapanga foleni, na binti wa dirishani akaniomba kwa sauti ya wazi nimtajie jina la ninayemlipa. Mama mtu mzima, na ushungi wangu, foleni nyuma yangu imetulia inasikiliza. Nilimwandikia kwenye karatasi. Akasoma, akainamisha uso, akaenda kwa mwenzake. Kijana wangu nilipomsimulia alikaa chini kwa kucheka. Jaribio la tatu lilikubali.

Kuhusu vifaa, sikiliza wosia. Usiisikilize Poaa kwa spika ya simu. Besi inapotea yote, kinachobaki ni wale mbu niliowataja mwanzo, na utanilaumu bure. Kwenye spika ya kibandani inafaa, ila wateja wanaongea kwa kupiga kelele bila kujua wanapiga kelele, na mmoja aliniuliza mbona huyu mwimbaji haanzi. Nilipoipata sawasawa ni kwenye hedifoni za waya za mtumba nilizonunua Kariakoo, zile kubwa zinazofunika sikio. Humo ndimo nilimosikia vitu vya pembeni: vijipigo vinavyotoka kushoto kwenda kulia, makofi yenye mwangwi kama yamepigwa kisimani.

Kasoro zipo. Kipande kinaweza kukaa pale pale kikizunguka mpaka ukajiuliza kama kimekwama, na vingine vinaisha ghafla kama umeme umekatika. Mara ya kwanza nilitazama taa. Usiku haifai. Nilijaribu kuisikiliza kitandani, nikabaki nimetoa macho nikihesabu magauni. Na ukiisikiliza yote kwa mkupuo wakati una njaa, kichwa kinauma. Mimi nachukua vipande viwili vitatu, napumzika, naweka redio, narudi. Waliolelewa na singeli watanicheka kwa hilo, wacheke.

Wasichana wangu wa kibandani wamegawanyika. Mmoja ameipenda kuliko mimi na anaiomba kila asubuhi. Mwingine ananiambia, "Mama, wewe ulikuwa mtu wa heshima." Ukitaka pa kuanzia, anza na vile vya ala tupu, Makaveli mwache mpaka sikio limezoea, maana akiingia mapema unasikia maneno tu na kinanda kinakuponyoka.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu za kikazi. Kwa mapazia, mashuka na mapindo ya sketi, kitu chochote kilichonyooka, sijawahi kupata muziki unaonisogezea kazi namna hii. Kwa kola na mikono ya gauni narudi kwenye taarab, maana ngoma ikibanwa mguu unajikanyagia wenyewe, na pale kwenye kona huwezi kukimbia. Nimeshavunja sindano tatu, moja kwenye satini ya mteja.