Kapcha kadi ya elfu arobaini kwenye laptopu isiyo na matundu: uzoefu wangu Moshi

Laptopu nyembamba za siku hizi zimenyang'anywa karibu kila kitu. Yangu ina matundu mawili ya USB-C na la hedifoni, basi. Kamera ninayofanyia kazi ni Canon Legria ya kadi, ina HDMI ndogo pembeni. Nilichotaka ni picha ya kamera iingie kwenye laptopu na itoke YouTube palepale, ili shangazi zangu walioko Dar na binamu walioko Ujerumani waione ibada ya usharika wetu au harusi ya Kibosho wakiwa sebuleni kwao.

Kuna jambo hata wauzaji wanalichanganya, kwa hiyo nianze nalo. Tundu la HDMI la laptopu ni la kutolea picha, si la kuingizia. Unaweza kuchomeka kamera hapo mpaka jua lizame, hakuna kitu kitaonekana. HDMI iliyopo kwenye habu ya USB-C nayo ni vivyo hivyo, inapeleka picha kwenye TV au projekta. Na lile tundu la USB la kamera? Kwenye kamera nyingi za umri wa hii yangu ni la kuhamishia faili tu, kompyuta inaiona kamera kama flashi.

Kinachotakiwa ni kapcha kadi, yaani kifaa kinachopokea picha ya HDMI na kuiingiza kwenye kompyuta kupitia USB. Ya kwangu haina hata jina la kampuni, ni kidude cheusi cha chuma chenye ukubwa wa flashi, HDMI upande mmoja na USB ya kawaida upande wa pili. Nililipa elfu arobaini na kitu kwenye duka la vifaa vya simu karibu na stendi. Boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa za dhahabu.

"Mangi, hii kweli inarekodi 4K?"

"Soma boksi, kaka."

Boksi halidanganyi moja kwa moja, ila linaficha. Kifaa kinapokea mawimbi ya 4K, lakini kinachoingia kwenye kompyuta ni picha ya 1080 (ile Full HD, ndogo kuliko 4K) kwa fremu 30 kwa sekunde, basi. Ile plastiki ya bluu kwenye mdomo wa USB, ambayo kwa kawaida ni alama ya USB 3.0, nayo ni pambo. Ndani ni USB 2.0. Kwa kamera yangu hainisumbui, kwa sababu YouTube naipelekea 720, ambayo ni ndogo zaidi.

Kwenye kuunganisha kinastahili sifa. Hakihitaji draiva. Ukichomeka, kompyuta inakiona kama webukamu, iwe Windows, Mac au Linux. Ukifungua OBS, ile programu ya bure ambayo karibu kila mrushaji anaitumia, unaongeza chanzo cha video, unakichagua kwenye orodha na picha inatokea. Binti wa kwaya aliyekuwa pembeni yangu alijiona kwenye skrini kabla sijamaliza kunyoosha waya, akaanza kurekebisha kilemba.

Kwenye mipangilio ndipo wengi wanakata tamaa na kusema kifaa ni feki. OBS inaweza kuchagua yenyewe muundo wa picha unaoitwa YUY2, ambao haubanwi. Picha ya 1080 isiyobanwa, fremu 30 kwa sekunde, inahitaji karibu megabiti 1,000 kila sekunde, na USB 2.0 mwisho wake ni 480. Matokeo yake video inaruka fremu, mchungaji anainua mkono, halafu mkono unaonekana tayari umeshashuka. Ingia kwenye mipangilio ya chanzo, uchague kwa mkono MJPEG, muundo unaoibana picha, na video inatulia mara moja. Kingine ni kasi ya fremu. Kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya huku kwetu ni za mfumo wa video wa PAL, zinatoa fremu 25 au 50, kwa hiyo OBS nayo iweke 25. Ukiiacha 30, kamera ikitembea kufuata maharusi picha inakuwa na vijishtuko.

Hapohapo niwaonye wenye kamera za mtumba kutoka Japani au Marekani. Hizo ni za mfumo wa NTSC, fremu 30, na umeme wetu ni wa hezi 50. Chini ya taa za tyubu picha itapepesa. Weka kasi ya shata ya kamera 1/100 ya sekunde, tatizo linaisha, ingawa ukumbi utaonekana na giza kidogo.

Kwenye kamera yenyewe zima maandishi ya skrini, la sivyo alama ya betri na saa zitaonekana hadi Ujerumani. Zima pia kile kipengele cha kujizima, kwa sababu kamera isiyorekodi hujiona haina kazi ikalala katikati ya mahubiri. Na tumia chaja, usitegemee betri.

Sauti ndiyo sehemu dhaifu ya vifaa hivi vya bei rahisi. Cha kwangu kinajitambulisha kwa kompyuta kama sauti ya mono wakati ndani kimebeba stirio, na kinachosikika kimekwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Kuna njia za kuirekebisha, hasa kwa watumiaji wa Linux, lakini mimi sikuhangaika nayo. Sauti ya kamera kwenye ukumbi wa harusi hata ikiwa safi haifai, inanasa vijiko na watoto. Nachukua sauti kutoka kwenye mikisa ya MC kupitia kadi ya sauti ya USB. Ukifanya hivyo, sauti itatangulia midomo kidogo kwa sababu video inachelewa njiani. OBS ina sehemu ya kuichelewesha sauti kwa milisekunde. Mwombe mtu apige makofi mbele ya kamera, sogeza namba mpaka mkono na mlio vikutane.

Kinapata moto pia. Baada ya ibada ndefu ukikishika unakiachia. Hakijawahi kuzima, ila nakiweka kwenye waya mfupi wa kurefusha ili kisibane tundu la jirani, maana mwili wake ni mpana.

Habu ya USB-C niliyonunua pamoja nacho ni nzuri, sina mengi: inachaji laptopu, ina tundu la LAN (la waya wa intaneti), na matundu matatu ya USB. Kapcha kadi iachie tundu moja la laptopu peke yake kwa adapta ndogo, mengine yote weka kwenye habu. Vyote vikigombania njia moja, hasa ukiwa na diski ya nje inayorekodi, picha inayumba.

Kwa bando, mimi natuma kilobiti 2,500 kwa sekunde, ambayo ni kama GB 1.1 kwa saa. Mjini inatosha na kubaki. Huko juu milimani nenda siku moja kabla, upime spidi ya kupandisha, siyo ya kushusha. Na kama chaneli yako ya YouTube haijawahi kwenda laivu, iwashe mapema, kwa sababu mara ya kwanza inachukua hadi saa 24 kukubaliwa. Nimeona kamati nzima ya harusi ikimzunguka kijana wa kompyuta saa mbili kabla ya sherehe kwa jambo hilo tu.

Wenye kamera za kanda za MiniDV, hali yenu ni tofauti. Tundu lenye jina DV au i.LINK ni FireWire, njia ya zamani ya kuunganisha kamera na kompyuta, na kapcha kadi ya HDMI haiwahusu. Nina laptopu ya ThinkPad T430 kuukuu yenye nafasi ya ExpressCard, ya kuchomekea kadi za ziada pembeni, nikaiagizia kadi ya FireWire, na kanda za zamani za familia zinahamia vizuri, kama GB 13 kwa kila saa moja ya kanda. Msinunue ule waya unaouzwa kama "USB kwenda FireWire". Ndani ni nyaya tupu, hakuna chipu ya kutafsiri chochote, na hizo lugha mbili hazielewani. Kwa Mac mpya sahau kabisa, macOS Tahoe ya 2025 imeiondoa FireWire.

Alama yangu kwa hiki kidude ni saba kwa kumi. Tatu zimeliwa na sauti na yale maandishi ya 4K. Ukienda kukitafuta, beba kamera, laptopu na waya wako wa HDMI, ukijaribu palepale kaunta kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili, wanauza kilekile.